Nusu Yangu ya Shahada Yake

Kwa karibu miaka minne nilisoma katika chuo kimoja cha kusini mwa California. Niliandika insha za sosholojia, historia ya Marekani, misingi ya biashara na lishe ya wanamichezo. Kila wiki nilijibu maswali ya majadiliano na kuwapongeza wanafunzi wenzangu kwa hoja zao. Nilifanya pia majaribio ya mtandaoni, yale yenye saa inayohesabu dakika pembeni mwa ukurasa. Alama zangu hazikuwa mbaya. Chuo chenyewe sijawahi kukikanyaga. Muda huo wote nilikuwa Githurai 45, katika chumba cha kupanga kilichotazama soko, na jina lililokaa juu ya kila karatasi lilikuwa la kijana mmoja mcheza gofu. Yeye alicheza, mimi nikasoma.

Hajawahi kunilaumu. Tukikutana leo nina hakika atanishukuru, pengine hata aninunulie chakula. Ndiyo maana inanibidi nijishtaki mwenyewe.

Kwa wakazi wa kandokando ya Barabara ya Thika biashara hii si habari. Kuanzia Roysambu hadi Kahawa Wendani na Juja, popote palipokuwa na wahitimu wasio na kazi na intaneti ya bei nafuu, palikuwa na watu waliolala mchana na kuandika usiku. Tulijiita waandishi. Mwanafunzi wa Marekani, Uingereza au Australia aliweka oda kwenye tovuti ya kampuni, kampuni ikamgawia mwenye akaunti, na mwenye akaunti, akilemewa na oda, akaiuza kwa kijana kama mimi. Ukurasa mmoja ulikuwa maneno 275. Mwanafunzi alilipa dola kumi na kitu, wakati mwingine ishirini. Mimi niliyekaa mkiani nilipata shilingi 300, zikiingia kwa M-Pesa mwenye akaunti akipenda, na zikikatwa nikichelewa. Sheria ya elimu ya California inakataza mtu kumwandikia mwanafunzi karatasi kwa malipo. Sikuijua wakati ule, na ningeijua isingenizuia: California ilikuwa mbali, mwenye nyumba alikaa ghorofa ya chini.

Nina shahada ya ualimu, Kiingereza na Fasihi. Nilihamia Githurai nikingoja ajira, nikachagua 45 badala ya 44 kwa sababu ya kodi tu. Wageni hudhani nambari hizo zilipimwa na serikali, kumbe ni nambari za matatu: 44 zilishusha abiria upande mmoja wa barabara, 45 upande wa pili. Ukivuka kutoka huku kwenda kule umehama kaunti, kutoka Nairobi hadi Kiambu, ingawa mandazi ni yale yale. Reli inapita sokoni. Treni ikipiga honi wauzaji huvuta bidhaa zao kidogo, treni ikishapita huzirudisha, na anayeuziwa nyanya hata hakatizi hesabu yake. Mama yangu aliwaambia majirani wa kijijini kwamba nafanya kazi ya kompyuta. Hakudanganya.

Mteja kwa kawaida hana sura. Ana nambari ya oda na saa ya mwisho ya kukabidhi, basi. Huyu naye alianza hivyo, msimu wa vuli wa 2016, kwa insha fupi ya kurasa mbili. Baada ya oda chache akauliza kama ningeweza kulichukua darasa zima, muhula mzima. Bei ilipokubaliwa akanipa nywila ya mfumo wao wa masomo, nami nikaingia. Niliona ratiba yake, matangazo ya walimu wake, na barua za idara ya michezo zikimwombea ruhusa: mwanafunzi huyu hatakuwepo Jumatatu na Jumanne kwa kuwa anaiwakilisha timu ya gofu ya chuo.

Sikujua kwamba chuo kinaweza kuwa na timu ya gofu. Gofu niliyoijua ilikuwa ile ya nyuma ya ua, kijani kinachoonekana ukiwa ndani ya matatu kwenye Barabara ya Kiambu na kutoweka kabla hujamwona mtu akipiga mpira. Na bado viwanja vimetuzunguka: Windsor uko ng'ambo yetu, Muthaiga ukielekea mjini, Ruiru na Thika navyo vina klabu zao za zamani.

Basi nikajifunza, kwa kuwa kalenda yake ya michezo ndiyo iliyoamua nilale saa ngapi. Timu hupeleka wachezaji watano, na katika kila raundi huhesabiwa mikwaju ya wanne waliofanya vizuri zaidi. Jumatatu hucheza mashimo 36, kutwa nzima kwa miguu, kila mmoja na mfuko wake, kwa maana kedi wa kuwabebea hakuna. Jumanne huongeza mashimo 18, kisha hupanda basi au ndege kurudi darasani. Kanuni za NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo kule, zilisema shughuli za michezo zisizidi saa 20 kwa wiki. Kanuni hizo hizo zilisema siku ya mashindano ihesabiwe kuwa saa tatu. Soma tena hapo. Kijana anaamka gizani, anatembea mashimo 36, anaoga usiku, na kitabuni ameandikiwa saa tatu.

Upande wa masomo hapakuwa na hesabu za namna hiyo. Ili aendelee kuruhusiwa kucheza, ilimpasa awe amekamilisha asilimia 40 ya shahada anapoanza mwaka wa tatu, asilimia 60 anapoanza wa nne, asilimia 80 anapoanza wa tano kama angefika huko. Nazo pesa zilikuwa ndogo kuliko watu wanavyofikiri. Enzi hizo timu nzima ya wanaume ya Daraja la Kwanza la NCAA iliruhusiwa kugawana nafasi nne na nusu tu za ufadhili kamili. Kijana alikuwa na kipande, wazazi wakajazia. Akishuka alama, kipande kinapotea na nafasi kwenye timu pia. Asilimia zile nilizibandika ukutani juu ya meza yangu. Nadhani nilizijua kuliko yeye.

Ninamtetea kwa hili moja: hakuwa mvivu. Alikuwa amechoka. Mvivu hatumi oda saa kumi usiku kwao, akiwa hotelini katika mji ambao hata hakuwahi kuutazama, akieleza kwa herufi ndogo ndogo kwamba amejaribu kuanza na macho yamekataa.

Jirani yangu wa mlango wa tatu alikuwa kedi. Mtu mzima, mwembamba, anayeondoka alfajiri akiwa amepiga pasi kola ya fulana. Yeye aliniita Mwalimu, mimi nikamwita Mzee, ingawa hatukupishana sana miaka. Nilipoanza kumuuliza maswali ya gofu alitaka kujua yanatoka wapi, nami nikamwambia nina mpwa wangu Marekani anayecheza katika timu ya chuo. Uongo huo ulinitoka bila kukohoa. Tangu siku hiyo jioni nyingi alinisimamisha kwenye ngazi: mpwa wetu amepiga ngapi? Nilikuwa nafuatilia matokeo kwenye tovuti shimo kwa shimo, kwa hiyo nilikuwa na jibu. Siku aliyopiga mikwaju 68, minne chini ya kiwango cha uwanja, Mzee alininunulia soda.

Kutoka kwake nilijua jinsi gofu ya huku kwetu ilivyozaa wachezaji. Wengi wa kizazi chake waliotoka makwao maskini wakawa wachezaji wa kulipwa waliingia kwa mlango wa nyuma, wakibeba mifuko ya wengine, wakiokota mipira, wakipiga mashimo machache siku ambayo kedi wanaruhusiwa. Alipenda kusimulia Kenya Open ya 1998 pale Muthaiga, Jacob Okello alipolingana na Ricardo González wa Argentina hadi ikabidi wapige tena kutafuta mshindi, na González akashinda. Mzee aliisimulia kama mtu aliyeibiwa. Wala hakuwahi kutaja shule katika hadithi zake za gofu. Kwake hivi vilikuwa vitu viwili visivyokutana, na aliposikia kwamba mpwa wangu anasoma bure nusu kwa sababu ya kupiga mpira, alitikisa kichwa akasema, "Huyo kijana akichezea hiyo nafasi, Mwalimu, mchape."

Insha iliyonipa sifa zaidi mwaka wa kwanza ilikuwa ya maadili katika michezo, nami nilimchagua Bobby Jones. Huyu Mmarekani alikuwa na shahada ya uhandisi kutoka Georgia Tech, 1922, na ya fasihi kutoka Harvard, 1924, na alicheza gofu kama mtu asiye na kazi nyingine. Mwaka 1925, katika US Open kule Worcester, aliweka fimbo nyuma ya mpira uliokuwa kwenye nyasi ndefu, mpira ukasogea kidogo. Waamuzi hawakuona. Yeye akasema umesogea, akajiongezea mkwaju. Mwishoni alilingana na Willie Macfarlane, wakacheza raundi ya ziada wakalingana tena, wakacheza nyingine, na Jones akashindwa kwa mkwaju mmoja. Niliyaandika haya usiku wa manane, kwa jina lisilo langu, kuhusu mtu aliyejishtaki kwa kosa ambalo hakuna aliyeliona, na mkono haukutetemeka. Mwalimu wa darasa alimwandikia kijana kwamba amefurahi kuona ameanza kupata sauti yake mwenyewe. Nililisoma lile neno nikatabasamu. Nilidhani ninasifiwa.

Muhula mwingine nilimwandikia, tena kwa ukali, insha ya kuilaani kashfa ya Chuo Kikuu cha North Carolina, ambako ripoti ya 2014 ilionyesha kwamba kwa miaka 18 wanafunzi zaidi ya 3,100, karibu nusu yao wanamichezo, walipewa alama za madarasa yasiyofundishwa. Alipata A. Sina la kuongeza hapo.

Yote hayo, hata hivyo, ninaweza kuyabeba. Njaa ilikuwepo, kodi ilikuwepo, na kama si mimi angekuwa mwingine wa Kimbo au Mwihoko, pengine mwenye Kiingereza kibovu zaidi. Ninachokuja kukisema ni cha vuli ya 2018, mwaka wake wa tatu.

Wakati huo nilikuwa nimenunua akaunti yangu mwenyewe, kwa hiyo ukurasa ulinipa dola sita badala ya shilingi 300. Akaunti hiyo ilisema mimi ni mwanamume wa Ohio mwenye shahada ya uzamili. Kijana alikuwa na darasa la mazingira, na mwalimu alitaka kurasa tatu kuhusu mmea au mnyama mgeni katika eneo wanaloishi. Nilingoja oda kama kawaida. Badala yake likaja faili. Alikuwa ameandika mwenyewe. Aliniomba nisahihishe Kiingereza tu, nisiguse mengine, na kwa kazi hiyo bei ilikuwa dola mbili kwa ukurasa.

Insha yake ilikuwa imejaa makosa. Sentensi zilianza zikasahau zinakwenda wapi, nukta zilikosekana, neno moja aliliandika kwa tahajia tatu tofauti katika aya moja. Alianza kwa kusema anazichukia nyasi za uwanja wao. Zinaitwa nyasi za kikuyu. Mpira ukianguka juu yake haushuki hadi ardhini, unabaki umeshikwa juu, nawe hujui fimbo itapita chini yake au itaupiga tumboni. Ukiingia pembeni ambako hazikukatwa, zinaikamata shingo ya fimbo na kuipinda mkononi. Halafu akaacha kulalamika. Alikuwa amemtafuta mtunza uwanja, mzee aliyefanya kazi pale tangu ujana, akamuuliza mbona wameweka nyasi mbaya hivi. Mzee yule akacheka. Akamwambia hatukuziweka, zilikuja. Zililetwa California mnamo 1918 zizuie mmomonyoko wa udongo kingoni mwa mitaro, zikatambaa, zikavuka barabara, zikaingia kwenye viwanja, watu wakazing'oa na kuzinyunyizia dawa hadi wakachoka. Serikali ya shirikisho imeziandika katika orodha ya magugu hatari. Na wakati huo huo ndizo zinazofunika njia za katikati za Riviera, Los Angeles, uwanja ambapo Tiger Woods, akiwa na miaka 16, alicheza shindano lake la kwanza miongoni mwa wachezaji wa kulipwa mwaka 1992. Mtunza uwanja alikuwa amemfundisha kuzipiga: usiogope, shika kwa nguvu, mpira uko juu, shukuru kwamba uko juu. Kijana aliandika kwamba tangu siku ile mikwaju yake uwanjani imepungua vizuri. Mwishoni kabisa alisema amesoma kwamba zinatoka milima ya Afrika Mashariki na zimepewa jina la watu wa Kenya, na angependa siku moja kuziona mahali ambapo hakuna anayezichukia.

Nilikuwa nimekaa katika Kaunti ya Kiambu. Nyasi hizo ziko kingoni mwa reli, hatua chache kutoka kwenye meza yangu. Mbuzi wanazila. Watu huzikata kwa panga wakaziuza kwa magunia kwa wenye ng'ombe.

Ningeweza kumwambia. Ingenigharimu akaunti, kwa sababu mtu wa Ohio hana reli ya Githurai, lakini ningeweza. Sikufanya hivyo. Jioni nilimsimamisha Mzee kwenye ngazi nikamuuliza kuhusu nyasi za kikuyu uwanjani, nikijifanya mpwa ameuliza. Akaniambia yale yale, karibu kwa mpangilio ule ule: mpira hukaa juu, pembeni hukamata fimbo, wazungu wageni huja Muthaiga wakahangaika siku ya kwanza. Kwa hiyo nilijua kwamba kijana ameandika kweli. Sina kisingizio cha kutojua.

Nilirudi chumbani nikamwandikia kwamba rasimu yake ni dhaifu, haina vyanzo vya kutosha, ina sauti ya mazungumzo, na mwalimu wa aina hii ataipa D. Nikamkumbusha asilimia 60. Nikasema kwa usalama wake bora niandike upya, kwa bei kamili. Alichelewa kujibu kuliko kawaida yake. Kisha likaja neno moja la kukubali.

Hesabu ilikuwa hii: kusahihisha dola sita, kuandika upya dola 18. Nilimvunja kwa dola 12, kama shilingi 1,200 za wakati ule. Mwezi huo kodi ilikuwa imenibana, ndiyo, lakini nikisema ni kodi nitakuwa nadanganya tena, na nimechoka. Kilichonisukuma zaidi ni wivu. Nilikuwa mtu wa Fasihi. Nimesoma miaka minne jinsi ya kutambua maandishi yaliyo hai, na yale yalikuwa hai, pamoja na tahajia zake tatu. Mimi kwa miaka hiyo yote ya kuandika usiku sikuwa nimetoa ukurasa mmoja ambao mtu mwingine asingeweza kuuandika. Nilitaka kumwonyesha, au kujionyesha, kwamba mwandishi ni mimi.

Niliandika kuhusu ukame na matumizi ya maji katika viwanja vya gofu vya California. Aya zilipangika, vyanzo vilipangika. Nyasi zilitajwa mara moja, kwa jina lake la Kilatini. Nilifungua faili lake, nikafuta, nikaandika ndani yake humo humo ili nisipoteze kichwa na nambari ya darasa, nikahifadhi. Ilipata A. Hakuniletea rasimu yake tena hadi alipomaliza chuo. Kazi zote za mwaka wa nne ziliniangukia mimi, hata barua ya shukrani kwa wafadhili wa timu, ambayo ni ukurasa mmoja na nusu wa mtu akisema jinsi masomo yalivyombadilisha.

Septemba 2019 The New York Times lilichapisha habari ndefu kuhusu waandishi wa Kenya na karatasi za vyuo vya Marekani, na kwa wiki kadhaa vikundi vyetu vya WhatsApp vilijaa hofu. Wengine walifunga akaunti. Mimi sikufunga. Kijana aliniuliza, kwa utani, kama nimeiona ile habari ya Wakenya. Mtu wa Ohio akajibu kwamba ameiona, na kwamba ni aibu.

Kisha ikaja Machi 2020. Gofu ya vyuo huanza vuli na kufikia kilele masika, na ule ulikuwa msimu wake wa mwisho. Tarehe 12 NCAA ilifuta mashindano yote ya masika. Siku hiyo hiyo ndiyo Kenya Open ilipaswa kuanza kule Karen, lakini ilikuwa imeshaahirishwa, na kesho yake serikali ikatangaza mgonjwa wa kwanza wa korona nchini. Klabu zikafungwa. Mzee alikaa kwenye ngazi na fulana yake iliyopigwa pasi, hana mfuko wa kubeba, na hata hapo alikumbuka kuuliza: na mpwa wetu? Nikamwambia amefungiwa msimu. Akasema pole, lakini huyo ana elimu, haitapotea.

NCAA iliwapa wanamichezo wa masika mwaka mmoja wa ziada kwa aliyetaka. Kijana hakuuchukua. Pesa za nyumbani zilikuwa zimekatika, na nadhani alijua kwamba hatakuwa mchezaji wa kulipwa. Raundi zake za 68 zilikuwa chache mno katikati ya zile za 75. Alihitimu nyumbani kwa wazazi wake, mbele ya kompyuta. Shahada ya biashara. Nusu ile nyingine, ile ya uwanjani, ilikuwa yake kabisa, na ndiyo iliyofutwa.

Siku hizi biashara yetu imekufa, haikuuliwa na sheria wala aibu. Mwishoni mwa 2022 ilikuja ChatGPT, na oda zikakauka mtaa kwa mtaa. Wanaokodi vyumba vile sasa wanauza mitumba mtandaoni. Kuna filamu ya 2024, The Shadow Scholars, ambamo Profesa Patricia Kingori wa Oxford, mzaliwa wa Kenya, anawafuata waandishi kama sisi na kuonyesha akili nyingi zilizotumika gizani kwa majina ya wengine. Ninaipokea heshima hiyo kwa niaba ya wenzangu. Kwangu mwenyewe ninaipokea nusu. Tulionewa, kweli. Lakini mle chumbani, usiku ule wa faili la nyasi, hapakuwa na kampuni wala mzungu wa kunishika mkono.

Kiangazi cha 2020, akaunti yangu ikiwa karibu tupu, kijana aliniandikia tena. Anataka kusomea utunzaji wa viwanja vya gofu, mambo ya udongo na nyasi, kozi fupi ya chuo kingine. Wanataka mfano wa maandishi yake mwenyewe. Kompyuta aliyotumia ilikuwa ya timu na ameirudisha. Akauliza kama bado ninayo ile karatasi ya nyasi za kikuyu, siyo yangu, ile yake.

Nilitafuta. Nilijua kwamba haipo, lakini nilitafuta, nikifungua mafaili ya miaka yote. Kisha nikamjibu kwamba kampuni hufuta rasimu za wateja baada ya muda. Haikuwa kweli. Nikaongeza kwamba nakumbuka vizuri ilivyokuwa, na kwamba naweza kuiandika tena, kwa bei ya zamani.

Akakubali. Nilishuka hadi kwenye reli na daftari, nikazitazama nyasi kwa karibu kwa mara ya kwanza. Nikamuuliza Mzee anieleze tena mpira unavyokaa. Niliandika kurasa tatu kwa sentensi zinazopotea njiani, nikamrudisha mtunza uwanja na kicheko chake, nikatia makosa ya tahajia pale nilipokumbuka alikosea. Alilipa siku hiyo hiyo, akaongeza dola tano, akasema hakukumbuka kwamba ile ya kwanza ilikuwa nzuri kiasi hicho.